Risasi ilikwama wapi? Matembezi ya ng'ambo tatu za Mombasa

Wageni wengi wafikao Mombasa huishia kisiwani. Hupiga picha chini ya zile pembe kubwa za ndovu, huzunguka Mji wa Kale, hula viazi karai, kisha hukimbilia hotelini. Leo, msomaji mpenzi, nakualika tuache kisiwa nyuma tutembee ng'ambo: Changamwe, Kisauni na Likoni. Na kwa kuwa habari za fukwe na minazi umezisoma mara nyingi mpaka umezichoka, tufuate njia nyingine. Tufuate bunduki, na hasa kile kinachowekwa ndani yake.

Usishtuke. Kiswahili chenyewe kimejaa maneno ya jambo hili, na mengi yalizoeleka hapa pwani kabla babu zetu hawajazaliwa. Mrau ni bunduki iliyowashwa kwa utambi. Gumegume ni ile ya jiwe la kiberiti. Gobori hushindiliwa kwa mdomoni, kwa mdeki: kwanza baruti, kisha kizibo cha tambara, kisha gololi au marisau, halafu kizibo tena. Baadaye ikaja bunduki ya viasi, yaani ile ambayo baruti, fataki na risasi vimekwisha pakiwa pamoja, nawe kazi yako ni kuingiza kiasi kwa nyuma na kufyatua. Na marisau ndizo zile punje ndogo ndogo za risasi ambazo hurushwa nyingi kwa mara moja, za kupigia kanga na kwale. Neno risasi lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ya kwanza ni ile madini laini, nzito, ya rangi ya kijivu.

Basi tuanze safari. Panda matatu ya Changamwe. Utavuka Makupa, ambapo siku hizi pana daraja lililochukua nafasi ya lile tuta la zamani. Ukitazama maji hapo chini huwezi kuamini kwamba mahali hapa palikuwa ndipo mlango wa kisiwa. Maji yakipwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Mwaka 1589 Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuwa amejiimarisha Mombasa na mizinga yake akiwangojea Wareno. Ghafla wakatokea Wazimba upande wa bara, jeshi lililosifika kwa ukatili, likapiga kambi ng'ambo ya Makupa. Mir Ali Bey akalazimika kutoa merikebu mbili kati ya tano alizokuwa nazo, akazisimamisha kwenye kivuko ili mizinga yake iwazuie Wazimba wasivuke. Na ilizuia kweli. Lakini mwezi wa Machi mwaka huo ikafika manowari ya Wareno kutoka Goa chini ya Tomé de Sousa Coutinho, zile merikebu mbili zikatekwa, na kivuko kikabaki wazi. Wazimba wakaingia. Wakazi wengi wakaona heri wajitupe baharini kuwaendea Wareno kuliko kuwangoja wale waliokuwa nyuma yao.

Baadaye Wareno nao walijenga ngome ndogo tatu hapo hapo Makupa kukilinda kivuko. Kwa nini mahali padogo hivi palitosha kulindwa kwa mizinga michache? Kwa sababu ni pembamba, na silaha za enzi hizo zilikuwa na nguvu karibu, si mbali. Mzinga ukijazwa mfuko wa vyuma vidogo badala ya tufe moja zima, huwa ni bunduki ya marisau iliyokuzwa. Karibu, hufagia kila kitu. Mbali, vyuma hutawanyika na kuanguka kama changarawe. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika katika safari hii.

Endelea mbele hadi kwenye reli ya Changamwe. Sizungumzii ile mpya ya Miritini iliyoanza kubeba abiria mwaka 1017 na mingine elfu, yaani 2017. Nazungumzia ile ya zamani, iliyoanza kutandazwa kisiwani mwaka 1896, ikavuka Makupa na kupanda mlima huu kwenda bara. Kwa reli hiyo, mwaka 1898, alipita mhandisi J. H. Patterson akienda kujenga daraja la Tsavo, maili 132 kutoka Mombasa. Hadithi ya simba wawili waliokula vibarua wa reli unaijua. Lakini je, umewahi kuisoma kama taarifa ya majaribio ya bunduki? Mimi naona hiyo ndiyo thamani yake kubwa, maana Patterson aliandika kila mara alichobeba na kilichotokea.

Usiku wa kwanza alipanda mtini na bunduki mbili. Moja ilikuwa ya .303, yenye risasi nyembamba iendayo kasi. Nyingine ilikuwa ya marisau, ya namba 12, yenye kasiba mbili, na alizijaza kila moja kwa namna yake: huku gololi moja nzima, kule pande la risasi. Yaani hata yeye hakuwa na hakika ni kipi kingefaa zaidi.

Hapa tusimame kidogo, kwani huenda mwanao akakuuliza hiyo namba 12 ni nini. Ni hesabu ya zamani ya Waingereza. Chukua ratili moja ya risasi, yaani gramu 454, igawe katika gololi 12 zilizo sawa. Kasiba inayotosha gololi moja katika hizo ndiyo namba 12, na upana wake ni milimita 18 na nusu hivi. Ukigawa ratili hiyo katika gololi 20, gololi huwa ndogo na kasiba huwa nyembamba. Ndiyo maana namba ikipanda bunduki hupungua, jambo linalowakanganya wengi.

Sasa turudi Tsavo. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba 1898. Kabla ya hapo Patterson alikutana naye ana kwa ana mchana kweupe, akiwa amebadilisha bunduki yake kwa nyingine kubwa ya kuazima ambayo hakuwahi kuijaribu. Akalenga, akavuta, haikulia! Hata mtego ulishindwa. Askari wa Kihindi waliowekwa ndani ya mtego wakiwa na bunduki za Martini, simba akiwa amenaswa hatua chache tu mbele yao nyuma ya vyuma, walifyatua risasi zipatazo ishirini na wasimpate. Kwa hofu walipiga kila upande, na simba akajiendea zake.

Kisha ukaja usiku wa simba wa pili. Patterson alikuwa juu ya ulingo, na mara hii alitumia bunduki yenye kasiba laini ndani, iliyojazwa mapande ya risasi. Akampiga begani kwa kasiba zote mbili karibu kwa mara moja. Simba akaanguka kwa kishindo. Kila aliyekuwapo angeapa kwamba amekwisha. Lakini akainuka, akaondoka, damu yake ikafuatwa mpaka kwenye mawe ikapotea. Alirudi siku kama kumi baadaye, na ndipo alipouawa kwa bunduki za risasi moja moja, baada ya kupigwa mara kadhaa. Walipomchuna ngozi wakaona jambo ambalo Patterson alilitaja kwa sentensi moja tu, na ambalo kwangu lina uzito kuliko habari zote za ushujaa wake: lile pande la risasi lilikuwa limekwama mgongoni, limeingia kidogo tu ndani ya nyama.

Kwa nini? Jibu si nguvu peke yake. Gololi ya namba 12 ni nzito, kama gramu 38, na risasi ya .303 ya wakati huo ilikuwa na uzito wa gramu 14 tu. Ukiangalia mizani utasema ile kubwa ndiyo itakayozama. Lakini risasi ya .303 ilitoka kwa kasi ya mita kama 600 kwa sekunde, nayo ilikuwa nyembamba, chini ya milimita 8. Eneo linalogonga nyama katika gololi ya namba 12 ni zaidi ya mara tano ya hilo. Piga msumari kwa nyundo, utaingia ubaoni. Kisha pindua, upige ubao kwa nyundo yenyewe kwa nguvu ileile: utapata kishindo na kovu, basi. Na pande laini la risasi lisilo na umbo maalumu, likigonga bega la simba, hupondeka na kupanuka zaidi.

Ajabu ni kwamba mwaka uleule wa 1898, huko Leipzig, Ujerumani, fundi aitwaye Wilhelm Brenneke alikuwa akishughulika na tatizo hilohilo. Alitengeneza risasi moja nzima kwa ajili ya bunduki ya marisau, akafunga kizibo chake mkiani kisiachane nayo, ili uzito ukae mbele na mkia uinyooshe kama manyoya yanavyonyoosha mshale. Mwaka 1931 Mmarekani Karl Foster akaja na ya kwake, yenye tundu nyuma, uzito wote mbele. Aina hizo mbili zingali zinatengenezwa hadi leo. Lakini kama zingefika Tsavo mapema huenda tusingekuwa na hadithi. Ngozi za simba wale zisingeuzwa kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago mwaka 1924 kwa dola 5,000, nao wasingekuwa wamesimama huko mpaka sasa wakitazamwa na watoto wa Kimarekani.

Na marisau madogo je? Kiasi chenye wakia moja ya punje namba 6 kina punje kama 270, kila moja ina upana wa milimita 2.6. Zikitoka kasibani zina kasi kubwa, lakini zikifika mita 36 hivi zimekwisha poteza karibu nusu, kwa kuwa kitu kidogo na chepesi hushindwa upesi na hewa. Kuzijaribu hakuhitaji maabara. Mafundi husimamisha karatasi kubwa umbali wa yadi 40, hufyatua, kisha huchora duara lenye upana wa inchi 30, yaani sentimita 76, na kuhesabu matundu. Bunduki yenye kasiba iliyobanwa sana mdomoni huingiza punje kama 70 katika kila mia. Isiyobanwa, 40 tu. Viasi vya siku hizi huwa na kikombe cha plastiki kinachozikinga punje zisisuguane na kasiba. Punje ambayo haikubonyezwa huenda sawa, iliyobonyezwa huenda pembeni. Huku kwetu majaribio ya namna hiyo yamebaki ya wachache. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na wa ndege ukafungwa baadaye. Kwale wa Shimba wanapumua.

Haya, tosha Changamwe. Rudi kisiwani, vuka daraja la Nyali, uingie Kisauni. Ukipita soko la Kongowea, ukiwa na njaa nunua machungwa na mabuyu, halafu shuka Kengeleni. Jina hili limetokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa mwaka 1875 na wamishenari wa Kiingereza. Kengele bado ipo. Yasemekana ilipigwa kuwaonya watu kila ilipohofiwa kwamba wakamataji wa watumwa wanakuja. Kutoka hapo teremka mpaka Mkomani, kando ya mlango wa bahari, ambapo kuna kumbukumbu ya Krapf, yule Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe na mtoto wao mchanga upande huu huu miezi michache baadaye. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882.

Simama hapo ukingoni utazame ng'ambo. Fort Jesus yote iko mbele yako, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kuitazamia. Ilianza kujengwa mwaka 1593, baada ya mambo yale ya Makupa. Chini ya maji mbele yake imelala mabaki ya merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 wakati Waomani walipoizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980, na vitu vyake unaweza kuviona ndani ya makumbusho ya ngome. Na Januari 1875, mwaka uleule wa Frere Town, manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga ngome hiyo kwa makombora kwa ajili ya kumtoa Akida Muhammad bin Abdallah, aliyemwasi Sultani wa Unguja. Akida alisalimu amri. Kuta zipo.

Zipo kwa sababu ya unene wake, na pia kwa sababu ya jiwe. Mawe ya pwani yetu ni ya matumbawe, yenye vitundu vingi. Huko Florida, Marekani, kuna ngome ya Kihispania iliyojengwa kwa mawe ya makombe yaliyogandamana, ndugu wa haya yetu kwa ulaini. Ilipopigwa na Waingereza mwaka 1702, tufe za mizinga zilizama ukutani badala ya kuupasua. Karne tatu baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walirusha vigololi vya chuma kwenye mawe hayo maabarani, wakaona jinsi vitundu vinavyojifunga na kumeza nguvu ya kipigo. Jiwe gumu hupasuka. Jiwe laini huponda sehemu yake ndogo na kuliokoa lililobaki. Sijui kama kuna mtoto wa Mombasa aliyewahi kupewa kazi ya shuleni kuhusu jiwe la nyumba yao. Ingekuwa kazi nzuri.

Aliyefungua mlango wa majaribio ya namna hii alikuwa Mwingereza Benjamin Robins. Mwaka 1742 alichapisha kitabu akieleza chombo rahisi ajabu: ubao mzito ulioning'inizwa kama pembea. Unaufyatulia risasi, ubao unabembea, nawe unapima umekwenda mbali kiasi gani. Kwa hesabu hiyo unapata kasi ya risasi. Watu walidhani hewa haifanyi kitu kwa gololi ya risasi. Robins akaonyesha kwamba inaizuia vikali. Leo wataalamu hutumia pia donge la jelatini linalofanana na nyama kwa ulaini wake. Kabla ya kulitumia hulijaribu kwanza lenyewe: gololi ya chuma ya milimita 4.5, ikienda mita 180 kwa sekunde, sharti izame sentimita 8 na nusu. Ikizidi au ikipungua sana, donge halifai.

Sasa Likoni. Rudi kisiwani tena, ushuke kivukoni upande feri. Hapa, msomaji, nitakuomba tupunguze mzaha, maana tumetoka kwa simba na kuta tukaingia kwa watu.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la watu lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni. Polisi sita waliuawa, na zaidi ya bunduki 40 zikachukuliwa pamoja na risasi zake. Washambuliaji walifika wakiwa na mapanga, pinde na mishale, na bunduki chache. Waliondoka wakiwa na silaha za kivita. Majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa katika eneo hilo na makumi ya maelfu, wengi wao wenye asili ya bara, wakakimbia nyumba zao. Wengine walilala kwa majuma katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza ghasia hizo pamoja na nyingine, na ripoti yake ikatolewa mwaka 2002.

Tofauti ya marisau na risasi ya bunduki ya kivita huonekana hapa kwa namna nyingine kabisa. Kasiba ya bunduki ya kivita ina mifereji inayozunguka ndani, ili kuizungusha risasi iende sawa. Mifereji hiyo huacha mikwaruzo juu ya risasi, na mtaalamu akiiweka chini ya darubini kando ya nyingine aliyoifyatua mwenyewe ndani ya maji, anaweza kusema kama zimetoka kasiba moja. Marisau hayasemi. Yametoka katika kasiba laini, hayana alama. Kinachosema ni kitako cha kiasi kilichoachwa chini, palipogongwa na kipini cha bunduki. Ndiyo maana, msomaji, ukiona maganda ya risasi mahali palipotokea jambo, usiyaokote wala usiwaache watoto wayachezee. Mwite polisi ayakute yalipolala.

Jumapili tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia katika kanisa dogo la Joy in Jesus, hapo hapo Likoni, wakati wa ibada, wakafyatua. Watu sita walikufa. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja aliyekuwa amembeba mwanawe wa kiume wa umri wa mwaka mmoja na nusu. Iliripotiwa wakati huo kwamba risasi ilipita kwanza katika mwili wa mama aliyemkinga, ndipo ikaingia kichwani mwa mtoto. Ikakwama humo.

Mambo yote tuliyoyaona tangu Makupa yamo katika habari hiyo. Risasi ya kwanza kutoka kasibani ingelipita kichwa kidogo kama hicho isisimame. Hii ilikuwa imekwisha pita katika mwili mwingine, imekwisha toa pale sehemu kubwa ya kasi yake. Mtoto alisafirishwa Nairobi, picha ya eksirei yake ikachapishwa magazetini, na tarehe 1 Aprili 2014 wapasuaji wa Hospitali Kuu ya Kenyatta wakaitoa risasi hiyo. Alipona.

Mtaa wenyewe utauona ni wa kawaida: maduka ya simu, mama wa mahamri, bodaboda zinazogombania abiria wa Ukunda, wanakwaya wa Jumapili wakitembea na sare zao mkononi. Ukimaliza, rudi kivukoni. Feri haimtozi mtu wa miguu. Lakini Jumapili jioni hujaa sana, basi kama una watoto jitahidi uvuke kabla ya magharibi, na uwashike mikono mpaka mtoke Ras Kilindini juu barabarani.